Mipira Mikubwa na Mkono wa Yaya

Jumatatu, tarehe 1 Julai

Mpira wa buluu umepoteza hewa tena. Ni ukucha wa mbwa wangu Wasiwasi. Nimeubandika kipande cha tairi la ndani la kinga, yaani baiskeli, nikaujaza kwa pampu ya jirani, Mama Godeliva. Dakika ishirini za kupampu. Mabega yanauma. Sasa unanifika kiunoni kama zamani.

Asubuhi wagonjwa wawili. Mzee wa nyonga na mama wa mgongo. Tangu kituo chetu kilipofungwa nawapokea hapa nyumbani, uani, juu ya mkeka. Mimi ni kine, kazi yangu ni kurudisha viungo vya watu kwenye mwendo. Mipira hii miwili, wa buluu na mwekundu, ndiyo yote niliyotoka nayo kituoni. Asubuhi ni ya wagonjwa. Wanaikalia, wanaiegemea, mimi nawashika. Jioni ni ya mbwa.

Leo jioni Polepole, mbwa wangu wa pili, amezunguka nyuma ya mpira bila kuambiwa mara ya pili. Akausukuma kwa pua mpaka kwangu. Hatua kumi na tano, hajapinda. Nimempa ndakala wawili, dagaa wakavu. Wasiwasi bado anadhani mpira ni adui. Anaubwekea, anaurukia, ukimjia anakimbia. Nimecheka peke yangu. Mchezo huu hauna faida yoyote. Ndiyo maana naupenda.

Simu kutoka Kampene. Aliyepiga ni mke wa kaka yangu mkubwa Ramazani, ambaye mimi namwita Yaya. Yaya ameanguka, wiki tatu sasa. Presha. Upande wa kulia umekufa. Wanamleta kwangu.

Nilitaka kukataa. Nimesema aje.

Alhamisi, tarehe 4 Julai

Amefika saa nane mchana. Siku mbili kwa pikipiki, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva kama mtoto mchanga. Binamu yetu Saleh alikuwa nyuma kwenye pikipiki ya pili na mzigo. Vumbi mpaka kwenye kope.

Sikumtambua mara moja. Tulionana mara ya mwisho kwenye mazishi ya baba, miaka minne iliyopita. Siku ile tulipeana mkono tu. Alikuwa na mabega ya mchimbaji. Leo bega la kulia limelegea. Mdomo umepinda. Ana miaka arobaini na mitatu, anaonekana sitini.

Mbwa walikuja kunusa. Hakunisalimu kwanza. Alisema, "Toa ile mbwa." Maneno yanatoka nusu, lakini hayo yalitoka mazima.

Nimewafunga nyuma ya jiko. Nimemuosha, nimempa chai. Nimempima kama ninavyompima mgonjwa yeyote. Mguu una nguvu kidogo. Mkono hauna.

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Namhurumia. Na bado namchukia.

Jumapili, tarehe 7 Julai

Siku tatu za kazi. Mguu anaukubali. Anasimama akishika ukuta, anahesabu mpaka ishirini, anakaa, anasimama tena. Haombi kupumzika. Mkono ni habari nyingine. Nikiugusa anauvuta kwa mkono wa kushoto, anauweka mapajani, anaufunika kwa nguo. Nimeeleza kwa upole. Nimeeleza kwa ukali. Vidole vimeanza kujikunja. Tusipoanza sasa vitakaza hivyo hivyo kama mzizi, na baada ya hapo hakuna kine atakayevifungua.

Amesema uachwe. Kwa nini? Uachwe tu.

Saleh analala kwa rafiki yake karibu na bandari. Anangoja mzigo wake wa chumvi ujae, kisha ashuke mto na pirogi, mtumbwi wa mizigo, kurudi kwake Lokandu. Anapita hapa kila siku kumsalimu yaya.

Jioni nimewafungulia mbwa. Uwanja ni wangu, mbwa ni wangu. Yaya amegeuza kiti kikatazama ukuta. Kwa mguu mmoja na mkono mmoja. Ilimchukua muda mrefu. Sikumsaidia.

Somo la leo: "Nyuma", "Sukuma", "Lala". Nasimama upande huu, mpira katikati, mbwa upande wa pili. Akinijia bila mpira hapati kitu. Akiugusa kwa pua anapata. Wasiwasi ameugusa mara nne. Kisha akaogopa jani.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Sijawahi kuliandika hili. Leo limenikalia kifuani tangu alfajiri.

Vita. Nilikuwa na miaka tisa. Huu mji wetu wa Kindu ulikuwa umefungwa. Treni haiji, mashua haziji. Sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, bila mawese, kila siku, na siku nyingine bila hiyo sombe. Baba alikuwa na mbwa mmoja aliyebaki kati ya mbwa wake wa kuwinda. Jina lake Mapema. Mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja. Yaya ndiye aliyemfundisha kuwinda, lakini mbwa alikuwa akinifuata mimi.

Siku masasi ya bunduki yalipofika mtaani kwetu tulikimbilia msituni, ng'ambo ya mashamba. Baba alisema mbwa abaki. Mimi nilimfunga mgongoni kwa kitenge cha mama. Alikuwa amekonda, mwepesi kama mtoto. Watu waliponiona tulikuwa tumeshafika mbali.

Tulijificha kwenye bonde la kijito. Watu kama kumi na wanne, familia tatu. Siku ya pili, adhuhuri, wanaume wenye bunduki walipita juu ya bonde. Tulisikia viatu vyao. Mapema akaanza kunguruma. Yaya alimchukua mikononi mwangu, akashuka naye kwenye maji.

Alirudi akiwa ameloa mpaka mabegani. Mbwa hakuwa naye. Nilimtazama nikingoja aseme neno. Alisema, "Nyamaza." Basi.

Hakuna aliyekufa kati yetu siku ile. Hata kwa akili ya miaka tisa nilielewa hesabu hiyo. Lakini uso wake ulikuwa mkavu, na mimi nilitaka alie. Vita vilipoisha alikwenda kwenye migodi ya Kampene. Sikumsindikiza.

Jumamosi, tarehe 13 Julai

Wasiwasi ameelewa.

Sijui ni nini kilichomwingia. Alisimama, akautazama mpira mwekundu, akazunguka kwa upana, kichwa chini, akaanza kusukuma. Pua, bega, pua. Mpira ulipokengeuka alikimbilia upande wa pili akaurudisha. Mama Godeliva, aliyekuwa amesimama kwenye ua, alipiga makofi. Watu watano wengine wakaja kutazama. Mwalimu mmoja mstaafu akauliza ninawalisha nini. Nilijisikia msichana tena.

Nikazidisha. Nilitaka waone zaidi. Nikawaachia mbwa wote wawili na mipira yote miwili. Mpira wa Wasiwasi uliteleza, ukagonga ukuta, ukarudi kusimama kwenye magoti ya yaya. Mbwa hakubweka. Aliweka kidevu juu ya mpira, akamtazama yaya usoni. Akangoja, kama nilivyomfundisha.

Yaya alijivuta nyuma. Akapiga teke kwa mguu mzima, kiti kikapinduka, akaanguka chali mbele ya watu wote. Alijikojolea.

Mama Godeliva aliwatawanya watu bila maneno. Nilimwinua. Ni mzito bado. Nilimbadilisha nguo chumbani, naye akatazama dari muda wote. Aliniambia, "Iondoke. Nakuomba."

Kaka yangu hajawahi kuniomba kitu. Nimejibu kwamba mbwa wangu hawaendi popote. Sijivunii.

Jumanne, tarehe 16 Julai

Nimekwenda ng'ambo ya mto, Alunguli, kwa mgonjwa aliyevunjika paja. Nimerudi saa kumi. Polepole peke yake kwenye uwanja. Wasiwasi hayupo. Nimeita, nimezunguka mitaa mitatu na ndakala mkononi kama mwendawazimu.

Mama Godeliva ndiye aliyeniambia. Saleh alikuja saa sita. Yaya alisema naye. Saleh akamfunga mbwa kamba, akaondoka naye kwenda kwenye pirogi. Sasa yuko njiani kwenda Lokandu. Mama Godeliva alidhani najua.

Nimemkuta yaya amekaa kitandani. Sikupiga kelele. Ingekuwa afadhali ningepiga kelele. Nilisema taratibu, nikichagua maneno. Kwamba hii ni mara ya pili ananitoa mbwa mkononi. Kwamba ya kwanza niliona kwa macho yangu, ya pili kanivizia nikiwa kazini. Kwamba nilimchukia siku ile nikiwa mtoto na sijawahi kuacha, hata nilipomuosha kinyesi wiki hii. Kwamba mguu wake ukipata nguvu arudi Kampene.

Alikuwa anaushika mkono uliokufa kwa mkono mzima.

Nimempa chakula. Maandishi haya hayasomeki vizuri.

Jumatano, tarehe 17 Julai

Lazima niandike hili kama alivyolisema, kabla sijaanza kulibadilisha.

Asubuhi, baada ya chai, aliniambia nikae. Akaanza bila utangulizi. Maneno yanamtoka taratibu, mengine inabidi ayarudie, kwa hiyo ilichukua karibu saa nzima.

Ile asubuhi kule bondeni, kabla wanaume wenye bunduki hawajapita, mama yetu alinituma na mwanamke mmoja tuchume majani. Hilo nalikumbuka. Nilikuwa na Mapema. Nilichokuwa sijui ni kilichosemwa nyuma yangu. Wazee wa zile familia mbili nyingine walikaa na baba. Walisema mbwa atatuua sote. Walisema aliyemleta atoke naye, arudi mjini, wote wawili, kabla jua halijapanda. Walijua ni mimi. Walitaka mimi nitoke.

Nikamuuliza, na baba?

"Baba alinyamaza," amesema yaya. "Aliangalia chini. Sikumulaumu. Aliogopa. Alikuwa na mama na ule mutoto wake mudogo pale. Lakini alinyamaza, Mwamini."

Basi yaya akasema kwamba ni yeye. Kwamba mbwa ni wake, yeye ndiye aliyemwambia mdogo wake ambebe. Mmoja wao alimpiga kofi, naye akalikubali. Wakakubaliana kwamba mbwa akitoa sauti hata moja, yeye atamnyamazisha. La sivyo atoke yeye na mimi pamoja. Aliapa mbele yao. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Miaka yote hii. Baba amekufa, mama amekufa, kwa nini hata baada ya hapo?

Akasema, "Ningekuambia, ungemuchukia baba. Ulikuwa unamupenda sana. Nikaona heri unichukie miye."

Kisha alisema jambo moja zaidi, akitazama mlangoni. Kwamba Mapema hakupigana. Kwamba alidhani ni mchezo, kwa sababu walikuwa wakioga pamoja mtoni. Alimlamba mkono. "Huu mukono," akasema. "Njo huu wenyewe. Na sasa Mungu ameuchukua. Ni haki yake. Uuache."

Nilitoka nje. Nilikaa karibu na mpira wa buluu, nikauegemea kama wagonjwa wangu wanavyouegemea. Nililia kwa sauti. Polepole alikuja akalala miguuni, hakuelewa kitu.

Jumamosi, tarehe 20 Julai

Siku tatu bila kuandika.

Nimekuwa na chuki miaka mingi na nilijua mahali pa kuiweka. Sasa sijui. Nikiiondoa kwa yaya inakwenda kwa baba. Baba aliyenisomesha. Baba aliyeuza shamba ili nijifunze ukine. Pengine ndiyo sababu alinisomesha. Sitajua. Nimemkasirikia maiti kutwa nzima, nikichambua mchele.

Leo asubuhi nimemwendea yaya na picha ya ubongo kutoka kitabu changu cha shule. Nimemwonyesha. Hapa upande wa kushoto, mshipa ulipasuka kwa sababu ya presha, na upande huu ndio unaoendesha mkono wa kulia. Kama ungepasuka upande mwingine angepoteza ule mwingine. Nimemwambia nimewashika watu mia na ugonjwa huu. Masista, wezi, mama wa watoto tisa. Mungu hachagui mikono hivyo.

Nilipouchukua mkono hakuuvuta.

Nilivifungua vidole kimoja kimoja. Vimeanza kukaza. Aliuma meno. Nilisema, "Yaya, nisamehe." Alisema, "Endelea kazi."

Mchana alimpigia Saleh mwenyewe. Sikumwambia afanye hivyo.

Jumatano, tarehe 24 Julai

Wasiwasi amerudi. Saleh alimpa mvuvi mmoja anayepanda mto na samaki wa moshi, akamshusha bandarini saa tatu. Ananuka samaki mpaka moyoni. Saleh alimwambia mvuvi kwamba mbwa alilia njia nzima kwenda; mvuvi anasema alilia njia nzima kurudi, na alikula nusu ya kamba.

Nilidhani atanirukia. Alinipita. Alikwenda moja kwa moja kwenye mpira mwekundu, akaupiga kwa pua, akageuka kunitazama. Nimecheka, kisha nimeshindwa kucheka.

Yaya alikuwa mlangoni amesimama na fimbo. Alimtazama mbwa muda mrefu. Kisha alisema kiti kisogezwe. Kitazame uwanja.

Jumapili, tarehe 28 Julai

Yaya ananikosoa.

Alitazama siku nne bila neno, leo yamefunguka. Anasema nawaita mbwa sana. Anasema mbwa akiitwa kila mara anaacha kufikiri. "Muache aone mupira mwenyewe. Weye simama tu mahali unataka aulete." Nilikasirika. Nikajaribu. Ni kweli. Polepole alisimama, akapima, akauleta mpira kwa mstari mmoja.

Nilisahau kwamba mtu huyu alilelewa pamoja na mbwa wa kuwinda. Hawezi kupiga mluzi tena kwa mdomo ule. Anatumia mkono wa kushoto. Kiganja chini, walale. Kiganja pembeni, wazunguke. Kwa siku moja wamejifunza ishara zake zaidi kuliko maneno yangu ya miezi mitatu. Nimeona wivu. Naandika hivyo hivyo: wivu.

Kisha zoezi. Nimemkalisha, nimeuweka mkono wa kulia juu ya mpira wa buluu, kiganja wazi, mimi nimeshika kiwiko. Kwa kawaida mimi ndiye nausogeza mpira, mbele na nyuma, mkono uende nao. Leo Wasiwasi alitangulia. Alizunguka, akasukuma. Mpira ukaja, mkono ukaja. Pua ya mbwa ilikuwa karibu na vidole kiasi cha nusu shubiri.

Nilihisi mwili wa yaya umekaza wote. Nilikuwa tayari kumfukuza mbwa. Yaya akasema, "Muache."

Tulifanya mara sita. Mara ya sita mbwa alimlamba kidole. Yaya alifumba macho. Hakuutoa mkono, na angeweza kuutoa kwa kutumia ule wa kushoto. Machozi yalimtoka upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa sababu ya ugonjwa. Mimi nilibaki nimeshika kiwiko.

Mkono wenyewe haujatikisika hata kidogo. Nataka niwe mkweli kama kine. Huenda ukarudi kidogo, huenda usirudi. Lakini vidole leo vimelala wazi kwa robo saa.

Alhamisi, tarehe 1 Agosti

Siku ya wazazi. Tangu asubuhi watu wamepita barabarani na majembe na mapanga, kwenda kusafisha makaburi. Mama Godeliva alipita na maua ya karatasi. Mimi nilisema siendi. Kila mwaka nimekwenda, wa kwanza kufika. Mwaka huu sikutaka kumwona baba.

Yaya alivaa kanzu kwa mkono mmoja. Alikwenda akasimama kwenye lango na fimbo yake, mgongo kwangu. Alisimama pale mpaka nikaona mguu unaanza kumtetemeka. Nikachukua jembe.

Tulikwenda kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika.

Nyasi zilikuwa zimekauka, zinang'oka kwa urahisi. Nililima kaburi la mama kwanza. Kisha la baba. Yaya hawezi kuinama, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu yote. Nililima kwa hasira, nikalima vizuri. Nilizisogeza nyasi pembeni, nikafagia kwa tawi. Nilikuwa na maneno ya kumwambia baba. Niliyapanga usiku kucha. Sikuyasema. Sikumsamehe pia. Nilisimama tu na jembe.

Yaya alianza kusoma Fatiha. Aliinua mkono mmoja, mwingine umening'inia. Mdomo ulimkwamisha kwenye aya ya pili. Alirudia, ukamkwamisha tena. Alijaribu mara ya tatu, kwa aibu, akinitazama.

Niliweka jembe chini. Nikaushika mkono wake wa kulia, nikauinua mpaka kifuani, kiganja juu, nikaubeba hapo. Nikasoma pale alipokwama. Yeye akanifuata, neno moja nyuma yangu, mpaka mwisho.